Kalamu, Karakana na Fundi: Visa vya Miungu ya Kihindu katika Picha Ndogo za Bara Hindi, Vikitazamwa kutoka Kibera na Kawangware

Utangulizi

Makala haya yanahusu sanaa ambayo kwa kawaida haijadiliwi katika idara za lugha za Kiafrika, yaani picha ndogo za Bara Hindi, zilizochorwa kwa mkono juu ya karatasi baina ya karne ya 16 na ya 19, na kuonyesha visa vya miungu na mashujaa wa dini ya Kihindu. Huenda msomaji akauliza picha hizo zatuhusu nini sisi tunaoshughulika na Kiswahili, na hasa zina uhusiano gani na Kibera na Kawangware, mitaa ya magharibi ya Nairobi ambayo wakazi wake walio wengi si Wahindu.

Jibu letu la kwanza ni kwamba watu wa mitaa hiyo huziona. Kila asubuhi maelfu ya wakazi wa Kibera hushika njia ya Eneo la Viwanda, na wa Kawangware hushika njia ya Lavington, Westlands na Parklands, kwenda kufanya kazi viwandani, madukani na majumbani. Katika nyumba na maduka ya Wahindu, vizazi vya picha hizo, ambavyo sasa vimepigwa chapa mitamboni, vimetundikwa ukutani au vimewekwa katika kijihekalu cha nyumbani, vikiwa na shada la maua na taa ya mafuta. Mtu wa Nairobi azionaye picha za Krishna, Rama na Lakshmi mara nyingi zaidi, ukimwondoa Mhindu mwenyewe, si profesa wa sanaa bali ni mama apangusaye vumbi katika chumba hicho. Msemo wake ni Kiswahili. Hivyo basi suala la maneno gani Kiswahili kinampa ili aeleze alichokiona ni suala la wanalugha.

Jibu la pili ni la kihistoria. Sehemu kubwa ya msamiati wa karakana zilizotoa picha hizo tunao tayari, nasi tunautumia kila siku bila ya kujua kwamba tuna jirani katika matumizi hayo.

Mhindi na Mhindu

Yafaa kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo yanatofautiana kwa irabu moja tu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia au Bohora, Mkristo wa Goa, Kalasinga, Mjaini au mfuasi wa dini nyingine yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, awe mzaliwa wa Gujarati, wa Nepal au wa kisiwa cha Bali. Katika mazungumzo ya mitaani irabu hiyo hupotea, na kila kitokacho kwa watu hao huitwa "cha Wahindi". Kosa hili si dogo. Oshwal wa Nairobi, kwa mfano, ambao ni jumuiya kubwa ya Wagujarati nchini Kenya, ni Wajaini, na wana mapokeo yao ya vitabu vyenye picha. Picha za Kalpasutra zilichorwa juu ya majani ya mtende kabla ya Wamogholi kuingia Bara Hindi.

Kiswahili cha pwani kilikuwa na jina la tatu, Baniani, lililomhusu mfanyabiashara wa Kihindu wa Kachi na Kathiawar. Jina hilo limebaki katika methali ijulikanayo na kila mtoto wa shule: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hii imesomeshwa sana kwa ajili ya funzo lake, lakini mwanahistoria ana haki ya kuisoma vingine. Lugha yetu ilikihifadhi kiatu cha Baniani, wala haikuihifadhi picha iliyokuwa juu ya kichwa chake dukani. Tulimtazama kuanzia chini.

Karakana

Mfalme Akbar wa dola ya Kimogholi, aliyetawala kutoka mwaka 1556 hadi 1605, alikuwa Mwislamu. Hata hivyo ndiye aliyeamuru, mwaka 1582, utenzi mkuu wa Mahabharata ufasiriwe kutoka Kisanskriti kwenda Kiajemi. Tafsiri hiyo iliitwa Razmnama, maana yake Kitabu cha Vita, na nakala ya mfalme ilitiwa picha zaidi ya 160 zilizomalizika karibu na mwaka 1586. Nakala hiyo imehifadhiwa Jaipur. Baadaye Ramayana nayo ikafasiriwa. Mmoja wa waliolazimishwa kazi hiyo alikuwa mwanachuoni Badauni, mtu wa dini aliyeshika sana sheria, naye hakuficha chuki yake kwa amri aliyopewa. Wafasiri wanaosoma makala haya watamwonea huruma: ni vigumu kukifasiri vizuri kitabu usichotaka kiwepo.

Mahali picha hizo zilipochorwa paliitwa kwa Kiajemi karkhana, kutokana na kar, yaani kazi, na khana, yaani nyumba. Hilo ndilo neno letu karakana, tunaloliandika leo juu ya milango ya vyuo vya ufundi na gereji. Mchoraji aliitwa naqqash, kwa Kiarabu, kutokana na shina lile lile lililotupa nakshi. Mtindo wa mji fulani wa wachoraji uliitwa kalam, kama vile kalam ya Guler au kalam ya Kangra, nasi tuna kalamu. Na alichokichovya kalamu yake ni rang, nasi tuna rangi. Maneno manne ya msingi ya kazi hii yamo katika kamusi zetu, yakiwa yameletwa na upepo wa kaskazi pamoja na nguo na mchele. Kiswahili hakikuziona picha, bali kilipokea zana zake.

Zana zenyewe zastahili kuelezwa. Mchoraji hakutumia karatasi moja, bali karatasi kadhaa zilizobandikwa pamoja kwa gundi hata zikawa ngumu kama ubao mwembamba. Alichora kwa wino hafifu, akapaka juu yake tabaka la rangi nyeupe ambalo mistari ilionekana kwa mbali, kisha akachora tena. Rangi ziliwekwa tabaka kwa tabaka, na baada ya tabaka fulani karatasi iligeuzwa kifudifudi juu ya jiwe laini, ikasuguliwa kwa nyuma kwa akiki mpaka uso wake ung'ae. Burashi ya mwisho, ya kuchorea kope za macho na nyuzi za shanga, ilifanywa kwa manyoya machache ya mkia wa kindi. Nyeusi ilitoka katika masizi, buluu katika nili, nyekundu katika zebaki iliyochanganywa na kiberiti, ambayo jina lake limo katika Kiswahili kama zingefuri. Ipo pia manjano moja maarufu ambayo ripoti ya mwaka 1883 ilisema ilipatikana kwa mkojo wa ng'ombe waliolishwa majani ya mwembe. Wataalamu wameibishia ripoti hiyo kwa muda mrefu, na wengine wameitetea.

Tukae kidogo juu ya rangi, maana hapa kuna jambo la isimu. Krishna huchorwa akiwa na mwili wa buluu, na mtazamaji wa Nairobi hushangaa: ni mtu gani wa buluu? Jina lenyewe krishna katika Kisanskriti ni kivumishi chenye maana ya -eusi, na hutumika kwa chochote kilicho cha giza, kuanzia weusi wa usiku hadi buluu ya wingu la mvua. Sasa, vivumishi asilia vya rangi katika Kiswahili ni vitatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine zote huelezwa kwa majina ya vitu, kama kijani, manjano, samawati na nili. Katika matumizi ya kale -eusi ilienea hadi kwenye buluu iliyokolea. Kwa hiyo mzee wa Kiswahili ambaye hakuwahi kusoma shule angalimwita yule mungu "mweusi" mara moja, na angalikuwa ameisoma picha sawasawa kuliko kijana aliyefundishwa orodha ya rangi kwa mpangilio wa Kiingereza.

Kisa katika fremu moja

Kazi bora kuliko zote katika fani hii, kwa maoni yetu, ni Ramayana ya Mewar, iliyotengenezwa kwa amri ya Rana Jagat Singh wa Kwanza na kukamilishwa baada ya kufa kwake, kati ya miaka 1649 na 1653. Ilikuwa na picha zaidi ya 400. Juzuu kadhaa zilipelekwa Uingereza na James Tod, zikaishia katika maktaba ya taifa huko London, na nyingine zimebaki Bara Hindi, nyingi zikiwa Mumbai. Mwaka 2014 zilikutanishwa tena kwa njia ya picha za kompyuta. Mwandishi wa hati alikuwa Mahatma Hirananda. Mchoraji mkuu wa kitabu cha vita, kilicho moyo wa utenzi, alikuwa Sahibdin, na Sahibdin alikuwa Mwislamu. Jambo hili laonekana la ajabu kwa mtu aliyezoea kufikiri kwamba picha ya mungu lazima ichorwe na mwumini wake. Sahibdin alikijua kisa, aliijua kazi, na mwajiri wake alitaka kazi.

Tuchukue ukurasa mmoja wake. Indrajit, mwana wa Ravana, amewapiga Rama na nduguye Lakshmana kwa mishale iliyogeuka nyoka na kuwafunga. Katika ukurasa huo huo Ravana yumo katika kasri lake akipokea habari na kutoa amri. Sita, mke wa Rama aliyetekwa, anatolewa bustanini. Sita huyo huyo yumo tena katika gari la angani, akipitishwa juu ya uwanja wa vita ili awaone wale ndugu wamelala chini na kukata tamaa. Mtu mmoja anaonekana mara mbili, na hakuna mstari unaotenga dakika hii na ile. Jicho husafiri, na safari ya jicho ndiyo huwa wakati. (Na neno gari lenyewe, tulitumialo hapa, ni la Kihindi.)

Mbinu hii haitofautiani sana na ya msimulizi wa hadithi za kwetu, ambaye humrudisha mhusika jukwaani bila ya kutuambia ni lini aliondoka. Ni kweli kwamba picha ndogo haikukusudiwa kutazamwa kimya. Maandishi yalikuwa nyuma ya ukurasa au juu yake, na mara nyingi mtu mmoja alisoma huku wengine wakitazama. Katika Rajasthani wapo pia wasimulizi waliozunguka na kitambaa kikubwa kilichochorwa kisa cha shujaa Pabuji, wakiimba usiku na kumulika taa sehemu ile iliyofikiwa na simulizi. Wale wanaoshikilia kwamba fasihi ni sanaa ya maneno peke yake watapata tabu hapa, kwa sababu neno limeegemea picha, na ukiliondoa moja jingine linaanguka.

Kuna mfano wa leo ulio karibu zaidi. Katika vibanda vya video vya Kibera na Kawangware, filamu za mapigano za kutoka Hong Kong, Marekani na Bara Hindi zimetazamwa kwa miaka mingi zikiwa na sauti ya mfasiri, na maarufu kuliko wote ni yule ajulikanaye kama DJ Afro. Yeye hafasiri mazungumzo neno kwa neno. Husimulia, hukejeli, huonya, huwapa wahusika majina, na hadhira hucheka kwa maneno yake kuliko kwa picha. Hiyo ni kazi ya mwimbaji wa Pabuji. Watazamaji wake wana neno lao la mhusika mkuu, stelingi, na sioni kwa nini Rama asiitwe hivyo katika darasa la kwanza, kabla ya kumvisha mwanafunzi istilahi nzito zaidi.

Zimwi na mshuko

Ugumu wa kweli waanzia kwenye majina ya viumbe. Ravana ni rakshasa. Tumwite nani kwa Kiswahili? Mfasiri mvivu atasema "shetani", lakini shetani katika fikra za Waswahili, Waislamu na Wakristo, ni muasi wa Mungu Mmoja, na Ravana si muasi wa namna hiyo: ni mfalme, mjuzi wa Veda, aliyepata nguvu zake kwa ibada na mateso ya mwili. "Jini" lafaa kidogo, kwa kuwa majini wana falme na wengine wana dini. Lakini jini haonekani, na Ravana ana vichwa kumi na mikono ishirini ambayo mchoraji amelazimika kuipanga yote bila ya kuharibu umbo. Sisi twapendekeza zimwi. Zimwi la hadithi zetu hubadili umbo, huiba wanawake, hula watu, lakini pia lina nyumba, lina jamaa, hujua kuimba, na huweza kuishi na binadamu kwa mapatano. Methali yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sahibdin aliuchora ukumbi wa Ravana kama ukumbi wa mfalme yeyote wa Rajasthani, wenye mazulia, walinzi na washauri. Zimwi hilo latujua.

Neno la pili ni avatara. Mungu Vishnu huja duniani mara kumi, kama samaki, kobe, nguruwe mwitu, mtu-simba, mbilikimo, kisha kama binadamu, na wachoraji walipenda kuzipanga sura hizo kumi katika mfululizo mmoja. Wakristo wana umwilisho, lakini neno hilo lasema kuingia mwilini, tena mara moja tu. Avatara katika Kisanskriti ni kushuka. Kiswahili kina kitenzi hicho hicho, nacho hutoa mshuko bila ya kulazimishwa: mshuko wa samaki, mshuko wa simba. Tunalitoa neno hili lijadiliwe.

Neno la tatu ndilo baya zaidi. Picha ya Krishna katika kijihekalu cha nyumbani huitwa na watu wengi wa mitaani "sanamu". Neno hili, kutoka Kiarabu, lilikuwa na maana ya kila mfano wa kitu, uwe wa kuchongwa au wa kuchorwa, lakini asili yake katika Kiarabu ni kitu kiabudiwacho badala ya Mungu. Mama wa Kawangware ambaye ni mlokole, au wa Kibera ambaye ni Mwislamu wa Kinubi, akilitumia neno hilo amekwisha kuhukumu kabla ya kueleza. Hatumwambii aabudu, wala hatumwambii asihukumu. Hilo ni lake. Lakini lugha ya taifa ipaswa kumpa pia neno lisilo na hukumu ndani yake, ili atakapohukumu ajue kwamba amehukumu. Taswira lipo, ingawa limekaa sana vitabuni. Picha lipo, nalo halina dini.

Fundi

Kwa muda mrefu wanahistoria wa sanaa waliandika juu ya mitindo ya wafalme: mtindo wa Mewar, mtindo wa Kangra, kana kwamba mfalme ndiye aliyeshika burashi. Mwaka 1968 mwanachuoni B. N. Goswamy alionyesha kwamba katika vilima vya Punjabi mtindo haukuwa wa mfalme bali wa ukoo. Alipekua madaftari ya makuhani wa Haridwar, ambamo mahujaji huandikisha majina ya baba na babu zao, akaunganisha familia ya Pandit Seu wa Guler na wanawe wawili, Manaku na Nainsukh. Manaku alikamilisha picha za Gita Govinda, mapenzi ya Krishna na Radha, mwaka 1730. Kizazi kilichofuata ndicho kilichotoa picha tulivu za Krishna kati ya wachunga ng'ombe, ambazo wengi huziona kuwa kilele cha sanaa hii. Ukoo huo ulikuwa wa tabaka la tarkhan, yaani maseremala.

Hapa Nairobi inaingia. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 waliopakiwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 walibaki. Pamoja na vibarua wa sururu walikuja mafundi: waashi, wahunzi na maseremala. Makalasinga wengi wa Afrika Mashariki ni wa jumuiya ya Ramgarhia, na Ramgarhia ni tarkhan. Hatusemi kwamba mjukuu wa Nainsukh aliranda mbao za mabehewa Nairobi. Twasema kwamba tabaka lile lile la mafundi, la Punjabi ile ile ya Waingereza, lilitoa mikono iliyochora Krishna na mikono iliyojenga karakana ya reli, na kwamba Kiswahili kililiita kwa jina linalostahili: fundi. Reli hiyo ndiyo inayoikata Kibera leo, ingawa mkondo wake wa kwanza ndani ya Nairobi haukuwa huo.

Neno fundi lina nasaba na funda, fundisha na mwanafunzi. Fundi ni aliyefundwa. Msanii ni neno lililopata heshima hivi karibuni, na katika Kiswahili cha mitaani lina doa: kumfanyia mtu usanii ni kumhadaa. Vyuo vyetu vimempandisha msanii na kumshusha fundi, vikimwacha huyu wa pili kwenye jua kali. Ugawaji huo usingeeleweka katika karakana ya Akbar. Daswanth, mmoja wa wachoraji wakuu wa Razmnama, alikuwa mwana wa mchukuzi wa machela, na Abul Fazl, mwandishi wa mfalme, ameeleza kwamba alikuwa na tabia ya kuchora kwenye kuta hadi siku mfalme alipoziona kazi zake, akampeleka kwa mwalimu. Daswanth alijiua mwaka 1584.

Ukuta wa duka

Ilikuwaje picha ya mfalme ikafika dukani? Njia ilipita Nathdwara, mji wa Rajasthani uliotunza sanamu ya Shrinathji tangu mwaka 1672. Shrinathji ni Krishna akiwa ameunyanyua mkono wa kushoto, akiinua mlima Govardhan ili kuwakinga wachungaji na mvua ya Indra. Wachoraji walizunguka hekalu hilo kwa vizazi, wakiwauzia mahujaji nakala ndogo. Mwaka 1894 mchoraji Raja Ravi Varma alianzisha mtambo wa kupiga chapa Bombay, na miungu ikaanza kutoka kwa maelfu. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya Brijbasi, iliyoanzia Karachi, ilipiga chapa kazi za wachoraji wa Nathdwara. Kalenda za biashara zikafuata.

Wafuasi wakubwa wa Shrinathji ni wafanyabiashara wa Kigujarati, wakiwamo Bhatia. Nao Bhatia ndio wale Mabaniani wa Unguja wa karne ya 19, ambao nyumba yao ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Sultani kwa miongo kadhaa. Mlima ulioinuliwa kwa mkono mmoja si pambo la kubahatisha katika dini yao. Ni picha ya mlinzi wa watu wanaoishi kwa mifugo, mazao na bidhaa, dhidi ya mbingu zisizo na huruma. Mtu ambaye nyumba yake huko Gatwekera au Silanga hubebwa na maji ya masika hahitaji kufasiriwa kisa hicho kirefu.

Mwezi wa Julai mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Mwaka huo huo Wanubi wa Kibera, ambao wazee wao askari wa K.A.R. walipewa makazi katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20, na ambao neno lao kibra ndilo lililotoa jina la mtaa, walipata hati ya ekari 288, kati ya zaidi ya 4,000 zilizotengwa mwaka 1918. Makundi mawili yaliyoletwa na dola moja, moja kwa bunduki na jingine kwa sururu, yaliingizwa katika daftari la taifa katika mwaka mmoja. Mitaala ya fasihi simulizi bado inahesabu makabila kwa hesabu ya zamani. Ikiwa Asia ni kabila la 44, basi Rama na zimwi lake wana haki ya kuulizwa katika mtihani wa fasihi simulizi kama alivyo Fumo Liyongo na kama alivyo Lwanda Magere.

Mafundi wa Kibera na Kawangware

Tembea Makina, au shuka kituo cha mwisho cha matatu ya 46 Kawangware, utaona kuta zilizochorwa: kichwa cha kinyozi chenye mistari ya nywele, samaki na ugali juu ya mlango wa hoteli, ng'ombe anayetabasamu juu ya bucha. Mwenye duka ndiye Rana wa hapo. Hulipa, huagiza, hulalamika kwamba samaki ni mdogo. Fundi hupaka rangi ya mafuta juu ya bati au saruji, na hutumia mbinu ambazo Sahibdin angezitambua: mstari wa nje mzito, rangi tambarare, umuhimu wa kitu kuonyeshwa kwa ukubwa wake wala si kwa umbali wake.

Kutoka kazi hiyo kulizaliwa, mwaka 2001, kikundi cha Maasai Mbili cha Kibera, kilichoanzishwa na Otieno Gomba na Otieno Kota, wachoraji wa mabango waliovaa mashuka ya Kimaasai ili wateja wawakumbuke. Mwenzao Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, ndiye aliyeandika maneno ya kuhimiza amani juu ya kuta, milango na barabara za Kibera wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kazi zao zimeonyeshwa ng'ambo, na huko huitwa wasanii. Mtaani wengi bado huwaita mafundi wa mabango, na hatuoni kwamba jina hili ni la chini.

Ufadhili wa namna hii hukatika ghafla. Mwaka 1739 Nadir Shah aliiteka nyara Delhi, na wachoraji wakatawanyika kwenda kwa wafalme wadogo wa vilimani. Mwezi wa Februari 2004 kanuni mpya za usafiri zilipoanza kutumika nchini Kenya, matatu zote zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano na kuacha michoro, na mafundi waliotegemea mabasi wakarudi kwenye kuta, mpaka serikali ilipolegeza amri hiyo miaka kumi baadaye. Katika hali zote mbili kalamu ilihamia kwa mteja mdogo zaidi, na picha ikasogea karibu na watu.

Mwaka 1763 Nainsukh alikwenda Haridwar, na katika daftari la kuhani wa ukoo wake aliandika habari zake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akachora kando yake picha ndogo kwa wino. Picha za kifalme alizozichora maishani mwake kwa sehemu kubwa hazikuwa na jina lake. Mafundi wa Kawangware wana desturi iliyo tofauti: katika pembe ya chini ya bango, chini ya samaki na ugali, wengi huweka jina lao la kazi na namba ya simu.